Kilo tano za pikipiki ya resi zitoke wapi?

"Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya motokrosi, 250 ya mipigo minne, niliinunua ikiwa imeshatumika. Jumamosi tunafanya mazoezi kwenye mchanga huku Kigamboni na mwezi wa kumi na mbili nataka kuingia mashindano. Nimeipima kwenye mzani wa vyuma chakavu, tanki likiwa limejaa, ikaja kilo 112. Mimi nina kilo 86. Wenzangu wananipita tukitoka kwenye kona. Rafiki yangu mwenye gereji amenipa orodha ya kupunguza uzito: kutoboa diski za breki (ya nyuma ameshaitoboa matundu 12), kukereza magneto, kubadili bolti zote ziwe za titani na kukata vishikizo vya fremu visivyotumika. Kwenye ATV (ile ya magurudumu manne) ya kaka yangu anasema tuweke betri ya lithiamu na tung'oe vyuma vya pembeni. Tena anasema niache kuvaa kinga ya kifua, kwamba ni kilo moja na nusu ya bure. Bajeti yangu ni milioni moja na nusu. Nianzie wapi, na je, nitaona tofauti?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu ni refu, ila kuna jambo moja lisilongoja. Hiyo diski ya nyuma iliyotobolewa ivue leo, na ya mbele usimpe mtu yeyote mwenye drili. Sababu nitazieleza huko mbele. Pikipiki isitoke hadi ufunge diski nzima.

Sasa turudi kwenye shida yako. Hujaniambia kwamba pikipiki inakushinda kuinyanyua ikianguka, wala kwamba inaachwa kwenye sehemu iliyonyooka. Umesema unapitwa ukitoka kwenye kona, na hilo ndilo la kulijibu. Uzito unaweza kuwa sababu, lakini kwa maelezo yako sidhani kama ndio sababu ya kwanza.

Tupige hesabu kidogo. Pikipiki kilo 112, wewe 86, na kofia, buti, kinga za magoti na nguo tuseme 8. Injini inasukuma kilo 206. Ukifanikiwa kutoa kilo tano, umepunguza kama asilimia mbili na nusu. Injini ya 250 ya aina hiyo ikiwa nzima hutoa nguvu za farasi 40 hivi, kwa hiyo kilo tano ni kama kuongezewa farasi mmoja. Si haba. Ila farasi huyo huyo anapotea kimyakimya kwa chujio la hewa lililojaa mchanga, cheni iliyokazwa kupita kiasi, beringi iliyochoka au breki inayoburuta. Ondoa gia, inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono. Likikwama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, hapo una nguvu ya kuokoa bila kununua kifaa hata kimoja.

Hata wakubwa wa mchezo huu wamewekewa sakafu. Pikipiki ya MotoGP, resi za juu kabisa duniani za lami, hairuhusiwi kushuka chini ya kilo 157, na kwenye daraja la Moto3 wanapima pikipiki na mpanda pamoja, jumla isipungue kilo 152. Wanajua kwamba mtu akiachiwa apunguze tu, ataishia kupunguza kile kinachomweka hai.

Kitu ninachokisikia sana gereji ni kwamba kilo ni kilo, itoke popote. Hapana. Kilo iliyo kwenye siti inasogea mbele tu. Kilo iliyo ukingoni mwa gurudumu inasogea mbele na wakati huohuo inazungushwa, na kwa kitu kilicho ukingoni kabisa, kazi ya kukizungusha inalingana na kazi ya kukisogeza. Ndiyo maana unapofungua mafuta kutoka kwenye kona, gramu mia za tyubu injini inazihisi kama gramu mia mbili za siti.

Kuna na la pili. Magurudumu, matairi, diski, sproketi ya nyuma na sehemu ya chini ya foku (miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu) havijabebwa na springi. Vyenyewe ndivyo vinavyopanda na kushuka kila mnapokutana na tuta. Shika nyundo ya kilo mbili uipandishe na kuishusha haraka haraka, kisha ufanye hivyo kwa nyundo ya nusu kilo. Springi yako inafanya kazi hiyo siku nzima. Gurudumu zito likirushwa na tuta linachelewa kurudi chini, na muda wote lililoko hewani halivuti, halipigi breki, halikati kona. Kwenye mchanga uliochimbwa mawimbi na pikipiki za wenzako, ucheleweshaji huo unausikia mpaka kwenye kiuno.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia kwa upande wa kilo, nitakwambia fungua gurudumu la nyuma. Nilifungua la kijana mmoja anayefanya mazoezi hukohuko kwenu, nikakuta tyubu nene zile za kuzuia pancha. Nikaitundika kwenye mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya safari: kilo 1.9. Nikatundika ya kawaida ya saizi ileile: kilo 1.1. Gramu 800, ukingoni, nje ya springi, kwa bei ya tyubu. Hakuna bolti ya titani itakayokupa hivyo. Ila angalia unapopanda. Mchanga mtupu haukati tyubu, lakini njia yenu ikipita kwenye mawe ya matumbawe, bakia na nene, maana kumaliza resi na pancha hakuna faida yoyote. Na huo mzani ununue, ndio kifaa cha kwanza katika kazi hii. Kila kitu kinachotoka na kila kinachoingia kipimwe na kuandikwa kwenye daftari. Bila daftari utakuwa unanunua maneno ya muuzaji.

Sproketi ya nyuma ya chuma yenye meno 50 inakaribia kilo moja, na ya alumini haifiki nusu yake. Ila mchanga wa pwani unakula meno ya alumini kama msasa, na sproketi iliyolika inaua cheni mpya. Zipo zilizounganishwa, meno ya chuma na katikati alumini. Ni ghali kidogo, lakini kwa mazingira yenu ndizo ninazofunga.

Mafuta watu wanayasahau. Lita moja ya petroli ina gramu 750 hivi. Tanki la lita 7 lililojaa ni zaidi ya kilo tano, na zimekaa juu, mahali pabaya kwa kona. Jumamosi ijayo jaza, panda dakika 20 kwa kasi ya mashindano, kisha pima umetumia kiasi gani. Siku ya resi weka kiasi hicho pamoja na lita mbili za akiba. Usishuke chini ya hapo, hasa kama pikipiki yako ina pampu ndani ya tanki: pampu inapozwa na mafuta yenyewe, na mafuta yakiwa kidogo yanayumba kwenye kona hadi inavuta hewa. Masika ongeza tope kwenye hesabu. Udongo ulioganda chini ya madigadi na kwenye bamba la kukinga injini unafika kilo kadhaa, na watu wanakuja kuniuliza habari za vifaa vyepesi vya kaboni huku wamebeba shamba.

Hapo hujatumia hata laki tatu. Sasa nikwambie ninachokishuku.

Springi nyingi za kiwandani huwekwa kwa mpanda wa kilo 70 hadi 80. Wewe na nguo zako ni 94. Pikipiki ya namna hii chini ya mtu mzito kuliko springi yake inazama nyuma, pua inainuka, na gurudumu la mbele linakosa mzigo wa kushika mchanga. Ukifika kwenye kona pikipiki inataka kwenda pana, unapunguza mafuta kuirudisha, na hapohapo mwenzako anakuwa ameshafungua. Ukimtazama kutoka nyuma unasema ana pikipiki nyepesi.

Jipime, kazi ya nusu saa na watu wawili. Weka pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma liwe hewani. Chagua alama kwenye madigadi ya nyuma, pima kwenda juu kutoka kwenye ekseli hadi alama hiyo, andika. Ishushe chini, mwenzako aisimamishe wima bila mtu juu, pima tena. Kisha vaa kila kitu, kofia mpaka buti, panda, simama katikati ya pedali huku mtu akishika usukani, bonyeza shokapu mara mbili tatu itulie, halafu pima mara ya tatu. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo mzamo wako, na kwa motokrosi ya saizi kubwa uwe karibu milimita 100, tuseme kati ya 95 na 105. Ukiwa umezidi, kaza ile pete iliyo juu ya springi mpaka ufike.

Ukishafika 100, angalia kipimo cha pili, pikipiki ikiwa peke yake. Iwe imezama kama milimita 30 hadi 40. Ikiwa imezama 15 tu, wengi husema springi ni ngumu. Ni kinyume chake. Springi ni laini kwa uzito wako, umelazimika kuikaza mno ili ikubebe, na sasa hailegei pikipiki ikiwa tupu. Hapo ndipo pa kupeleka sehemu kubwa ya milioni yako na nusu: springi inayolingana na kilo zako, nyuma na mbele, na huduma ya mafuta ya foku. Nimewaona vijana wakirudi kutoka kwenye kazi hiyo wakidhani nimegusa injini.

Nirudi kwenye orodha ya rafiki yako. Naamini anakutakia mema, lakini yapo mambo hatari humo.

Breki kwanza. Breki haiyeyushi mwendo, inaugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima likae mahali kabla upepo haujalichukua. Mahali hapo ni chuma cha diski. Kilo zenu 206 zikisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, theluthi mbili ya joto hilo ikiingia kwenye diski ya mbele ya gramu 800, diski inapanda takriban nyuzi 90 kwa kusimama mara moja tu. Punguza gramu 120 kwa drili, inapanda zaidi ya nyuzi 100, na kona inayofuata iko mita chache mbele wala haijapoa. Matundu ya kiwandani yamepangwa kwa hesabu na kingo zake zimelainishwa. Tundu la drili ya mkono lina ukingo mkali wenye mikwaruzo, na kila inapopata moto na kupoa, ufa unaanzia hapo.

Nimeuona kwa macho yangu. Mpanda mmoja alileta pikipiki akisema breki inatetemeka. Diski ilikuwa imetobolewa na kwa kuitazama ilionekana nzima. Niliivua, nikaipaka mafuta ya taa, nikaiacha robo saa, nikaifuta mpaka ikakauka, kisha nikainyunyizia unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakaanza kulowesha chaki, na mstari mwembamba kama unywele ukajichora kutoka tundu moja hadi la pili, ukaruka, ukaendelea hadi la tatu. Yule kijana aliketi kwenye tairi akanyamaza. Jumapili iliyopita alikuwa amepanda nayo saa nzima. Nawe unaweza kuipima yako hivyo nyumbani, ila hata usipoona mstari, usiifunge tena. Na diski yoyote nzima ukiipima namna hii, ioshe vizuri kabla ya kuifunga, kwa sababu mafuta ya taa yakigusa pedi za breki zimekwisha.

Kukereza magneto ni pesa ya kununua shida. Chuma hicho kinachozunguka kinahifadhi nguvu, na kikipunguzwa injini inapanda haraka kweli, lakini inazimika haraka vilevile. Kwenye mchanga unataka injini inayovuta taratibu bila kupoteza mshiko, na wapo wapanda wa njia ngumu wanaoongeza uzito hapo kwa makusudi. Zaidi ya hayo, sumaku zimegandishwa ndani na kitu hicho kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika kando ya mguu wako. Fundi wa kerezo hawezi kukuhakikishia kwamba kilichobaki kitavumilia.

Titani ni madini mazuri, siyapingi. Kwa ukubwa uleule ina kama asilimia 57 ya uzito wa chuma, na aina ya daraja la 5, yenye alumini asilimia 6 na vanadi 4, ina nguvu za kutosha kwa bolti nyingi. Bolti ya chuma ya milimita 8 yenye gramu 20 itashuka hadi 11 au 12. Ukibadilisha pikipiki nzima utaokoa nusu kilo, pengine zaidi kidogo, na bajeti yako itakuwa imeishia hapo. Ukitaka baadaye, jua mambo haya. Titani hupinda kwa urahisi karibu mara mbili ya chuma na haipendi mikwaruzo, ndiyo maana FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, linaruhusu bolti na nati za titani lakini linakataza titani kwenye fremu, foku, usukani, ekseli za magurudumu na ile ya mkono wa nyuma (chuma kinachobeba gurudumu la nyuma). Kwa ekseli za magurudumu hata alumini imekatazwa. Mtu akikuuzia ekseli ya titani, mrudishie. Pili, nyuzi za titani hung'ang'aniana, kwa hiyo zisifungwe kavu, zipakwe grisi maalumu ya kuzuia kuganda. Tatu, sisi tuko pwani. Titani ndani ya alumini penye hewa ya chumvi inaila alumini polepole, na siku ya kufungua unatoka na nyuzi za injini.

Na usidanganywe na rangi ya bluu au zambarau, maana hata alumini hupakwa hivyo. Sumaku inasaidia nusu: ikinata, si titani. Isiponata bado yaweza kuwa alumini au chuma kisichoshika kutu. Mzani ndio utakaokamilisha ushahidi.

Vishikizo vya fremu, viache. Vyote pamoja ni gramu chache, na grainda ikikwaruza fremu penye mzigo umepanda mbegu ya ufa.

Kinga ya kifua vaa. Hilo sina mjadala nalo, mdogo wangu. Kwenye mchanga unaanguka, na anayekufuata haoni kwa vumbi. Kama unataka kilo kutoka upande wako, mbio za asubuhi mara tatu kwa wiki zitakutoa mbili kabla ya Desemba, na zitakupa mikono isiyochoka mzunguko wa mwisho. Ila usijinyime maji ili upungue. Kwa joto la Dar mtu aliyekauka anaanza kukosea kona kabla hajasikia kiu.

ATV ya kaka ni habari nyingine kidogo. Mashine za resi za aina hiyo zina kilo 180 hadi 190, na betri yake ya risasi ina kilo mbili hadi tatu hivi, kwa hiyo lithiamu ya fosfati ya chuma yenye kilo moja hivi ni faida ya kweli. Kwanza pima chaji. Washa, pandisha injini, weka mita kwenye betri. Ukisoma kati ya volti 13.8 na 14.6, endelea. Ikipita 15, usiifunge hadi fundi umeme arekebishe regeleta (kifaa kinachodhibiti chaji), maana betri ya risasi huvumilia chaji kubwa kwa muda lakini lithiamu huharibika na yaweza kuwaka. Isikae karibu na ekzosi, na usiichaji kwa chaja ya zamani ya risasi yenye hali ya kufufua betri. Taa na nyaya zake zing'oeni kama haitembei barabarani. Vyuma vya pembeni visiguswe. Vipo ili mguu usiteleze ukaingia mbele ya gurudumu la nyuma, na ili gurudumu la mwenzake lisiingie katikati ya magurudumu yake mkabebana. Kamba ya kuzima injini nayo afunge mkononi kila anapopanda, hata mazoezini.

Baada ya haya yote kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kwa maandishi. Pikipiki uliinunua ikiwa imetumika, kwa hiyo ioshe, ipeleke kwa fundi wa motokrosi aikague shingo ya fremu, mkono wa nyuma na maungio ya shokapu. Akiona ufa, usikubali uchomelewe na mchomeleaji wa mageti. Fremu ya alumini iliyochomwa hupoteza nguvu pembeni ya mshono, na inahitaji mtu wa gesi ya agoni anayejua kazi hiyo, au fremu nyingine. Springi za mbele usizifungue mwenyewe kama hujawahi. Spoku nazo zikazwe na anayejua, maana mzunguko wa kwanza wa mchanga hulegeza zile mpya.

Ile diski ukishaivua, ikate vipande viwili kwa grainda kabla haijafika kwenye vyuma chakavu. Ikienda nzima, kuna siku itakuwa imening'inizwa kwenye banda la spea za mtumba, imesuguliwa inang'aa, na kijana mwingine ataifunga.